Mkubwa wa Mji katika Ufipa

Ufipa ni nchi ya juu. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa, na maziwa yote mawili yako chini sana. Mji wa Sumbawanga umesimama kadiri ya mita 1,800 juu ya bahari, na maji ya Rukwa yako kadiri ya mita 800 tu. Basi mtu ashukaye kutoka uwanda wa juu kwenda bonde la Rukwa hushuka kilometa moja nzima, na magoti yake humpasha habari hiyo kabla ya kitabu. Juu kuna baridi, hasa mwezi wa Juni na wa Julai, na upepo hauna kizuizi, maana miti ni michache. Jicho huona majani, kisha vilima, kisha majani tena.

Jambo hili la miti michache laonekana kuwa dogo, lakini ndilo lililowafundisha Wafipa namna ya kukaa. Wabemba, walio upande wa kusini katika nchi ya Zambia, walikuwa na desturi ya kukata matawi ya miti, kuyakusanya, kuyachoma, na kupanda ulezi katika majivu. Shamba la namna hiyo huchoka baada ya miaka michache. Ndipo watu hulihama ili watafute miti mingine, na mji nao huwafuata. Wafipa hawakuwa na miti ya kuchoma hivyo. Wao walilima kwa matuta ya mviringo, ambayo huitwa ntumba. Mvua zingali zikinyesha, mkulima hukata majani pamoja na udongo wake kwa jembe, huyapindua, majani ndani na udongo nje, na kuyarundika mfano wa kichuguu kidogo. Majani huoza humo. Juu ya ntumba aweza kupanda maharagwe. Msimu ufuatao huibomoa, huusambaza ule udongo ulionona, na kupanda ulezi. Kwa hiyo shamba lile lile huwalisha watu muda mrefu, wala mji hauna haja ya kuhama upesi.

Basi miji ya Wafipa ilikuwa mikubwa kuliko ya majirani wao wengi. Nyumba zilikaribiana, na watu walikaa pamoja mwaka hata mwaka. Tena haikuwa lazima wawe ndugu. Mgeni aliyekuja kwa amani alipokewa, akapewa mahali pa kujenga na mahali pa kulima, na watoto wake wakawa watoto wa mji. Sasa fikiri mashaka yake. Katika nchi ya kuhamahama, mtu akigombana na jirani yake, huenda wakaachana bila neno, kila mmoja akafuata msitu wake. Katika Ufipa ntumba zao hupakana, na kesho watakutana kisimani. Watu wa namna hii huhitaji mtu wa kuwaamua. Mtu huyo alikuwa mkubwa wa mji.

Mkubwa wa mji hakuzaliwa mkubwa. Roy Willis, mwanachuoni wa Uingereza aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, na ambaye kitabu chake juu ya dola ya Wafipa kilitoka mwaka 1981, ameeleza kwamba mkubwa huyo alichaguliwa na wenyeji wa mji wenyewe. Ukoo mkubwa haukumtosha mtu, wala ng'ombe wengi hawakumtosha. Walimtazama muda mrefu kwanza. Walitazama jinsi anavyosema na mkewe, jinsi anavyogawa pombe ya ulezi watu wamalizapo kulima shamba lake, na kama hukaa kimya mtu mwingine asemapo. Wafipa huheshimu sana maneno ya taratibu. Hata salamu zao ni za taratibu, pamoja na kupiga makofi polepole, na mtu apitaye mbio bila kusalimu huhesabiwa kuwa hakulelewa. Kwa hiyo mtu mwenye nguvu za mikono na ulimi mkali aliweza kuwa mwindaji hodari, lakini ukubwa wa mji haukumfaa.

Kazi yake yenyewe haikuwa na fahari. Mfano mmoja utaonyesha. Mbuzi wa mtu hufungua kamba usiku, hula maharagwe yaliyo juu ya ntumba za jirani. Asubuhi mwenye maharagwe huja kwa mkubwa wa mji, naye amekasirika. Mkubwa hamwiti mwenye mbuzi mara moja. Kwanza humketisha yule aliyekasirika, humpa kitu cha kunywa, huuliza habari za watoto. Kisha huondoka pamoja naye kwenda kuzihesabu ntumba zilizoliwa, maana mtu mwenye hasira husema ishirini zikiwa sita. Baadaye huwaita wote wawili na wazee wachache, na kila mmoja husema mpaka maneno yake yaishe. Malipo yakitajwa, yasiwe makubwa hata mwenye mbuzi akaona ameonewa, wala yasiwe madogo hata mwenye maharagwe akaenda zake akinung'unika. Shauri la maharagwe laweza kuchukua siku nzima. Mtu asiyejua atasema huo ni upotevu wa wakati. Lakini majirani wale wawili watapakana mashamba miaka mingi, na siku moja iliyotumika vizuri ni bei ndogo.

Pia palikuwa na kazi ambazo mtu mmoja hawezi. Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Walijenga tanuru za udongo za kuyeyushia mawe ya chuma, ndefu kuliko mtu, nyingine zapata mita tatu. Tanuru hizi hazikuvukutwa kwa mivukuto. Zilivuta upepo zenyewe kwa matundu yaliyo chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru ndogo yenye mivukuto, kisha kikafuliwa majembe, na majembe yakauzwa nchi za mbali. Baadhi ya tanuru zile ndefu zimesimama mpaka leo katika majani ya Ufipa, na mpitaji huziona. Kujenga tanuru moja kulihitaji wachimba udongo, wachoma makaa na wachukuzi wa mawe ya chuma. Kazi ya namna hiyo haifanyiki katika mji uliogawanyika kwa ugomvi.

Zaidi ya hayo yote, mkubwa wa mji alijua neno moja lililomfanya alale macho: watu waliweza kumwacha. Uwanda ni mpana, na miji mingine ilifurahi kupokea wageni. Mtu aliyeona ameonewa alifunga mizigo yake, akachukua mkewe na watoto wake na jembe lake, akaenda kuomba mahali pengine. Akiondoka mmoja, si kitu. Wakiondoka watano, mji husema. Wakiondoka ishirini, mkubwa hubaki na jina la ukubwa tu, na nyumba zilizobomoka. Kwa hiyo aliyekaa katika ukubwa miaka mingi hakukaa kwa nguvu. Kila mwaka, bila kupiga kura, watu wake walimchagua tena kwa kutokuhama.

Wafipa wana hadithi ya zamani inayoonyesha jinsi walivyouona ukubwa wa mji. Karibu na Sumbawanga uko mji wa Milanzi. Yasimuliwa kwamba hapo ndipo palipokaa mkubwa wa kwanza wa nchi yote, jina lake Ntatakwa, ambaye wazee husema alishuka kutoka mbinguni dunia ilipoanza. Wazao wake walitawala baada yake kwa muda mrefu. Siku moja mmoja wao alikwenda kuwinda, akamwacha mkewe nyumbani. Kabla hajaondoka alimwonya: wageni watakuja, wasikalie kigoda cha ukubwa.

Alipokuwa mbali, wageni wakaja kweli. Walikuwa wanawake watatu, wa ukoo uitwao Watwa. (Jina hili lisimchanganye msomaji. Hao si wale watu wafupi wa msituni, ambao nao huitwa Watwa katika nchi nyingine.) Wakaomba kuketi. Mke wa mkubwa akawanyima kigoda, nao wakazidi kuomba, na mwisho akawapa. Mwenye mji aliporudi kutoka mawindoni aliwakuta wageni wamekalia kigoda chake.

Katika hadithi za nchi nyingi, hapo ndipo mikuki huanza kuruka. Katika hadithi ya Wafipa haikuwa hivyo. Walikaa wakazungumza, wakaagana. Wale wageni walichukua ufalme wa nchi, nao wazao wao ndio waliokuwa wafalme wa Ufipa. Mwenyeji alibaki na mji wake wa Milanzi pamoja na mlima Itwelele ulio karibu nao, na akawa na sehemu yake katika kumweka kila mfalme mpya. Basi waliomnyang'anya nchi walimhitaji tena kila walipotaka kurithishana.

Mtu aweza kusema kwamba mzee yule alishindwa. Kigoda kilikwenda, na nchi ikaenda. Lakini tazama yaliyofuata. Nchi ile iligawanyika katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zote za ukoo wa Watwa. Jina la Nkansi lingaliko katika wilaya ya Nkasi. Falme hizi zilipigana mara nyingi, ndugu kwa ndugu. Katika miaka ya 1840 wakaja Wangoni kutoka kusini, chini ya Zwangendaba, wakateka ng'ombe na watu. Zwangendaba mwenyewe alifia Ufipa, mahali paitwapo Mapupo, na watu wake wakagawanyika wakaenda njia mbalimbali. Baada ya taabu hizo ndipo amani ilipopatikana. Mwaka 1880 alipita Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, kijana wa miaka 22 tu. Alimwona mfalme Kapufi, akaandika kwamba Wafipa ni watu wa kulima kuliko makabila yote aliyoyapitia. Tena alikuwa ametembea sana, maana alitoka pwani ya Dar es Salaam kwa miguu. Katika siku hizo zote, wafalme wakiinuka na wakianguka, Milanzi ilikuwa Milanzi, na mkubwa wake alikuwa pale.

Kisha wakaja Wadachi, yaani Wajerumani. Boma lao la upande huu lilikuwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, nao waliliita Bismarckburg. Tangu mwaka 1898 walianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi yao ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Waingereza yalitwaa boma lile. Waingereza nao walikuwa na kodi yao. Boma lao waliliweka Namanyere, halafu wakalihamishia Sumbawanga, mji ambao jina lake watu husema maana yake ni kutupa uchawi. Mwaka 1926, siku za Gavana Donald Cameron, ilitoka sheria ya kuwatawala watu kwa njia ya wakubwa wao wenyewe. Maneno yalikuwa mazuri: wakubwa wa zamani watabaki, na serikali itasema kwa midomo yao.

Lakini kazi ya mkubwa wa mji iligeuka chini ya miguu yake. Hapo zamani alitazama upande mmoja, upande wa watu wa mji. Kweli alipeleka kwa mfalme nafaka na watu wa kazi, lakini yeye alikuwa wa mji kwanza. Sasa alipaswa kuhesabu nyumba, kuandikisha majina, kukumbusha kodi, na kumtaja asiyelipa. Fedha ya kodi haikuota juu ya ntumba. Vijana walikwenda kuitafuta katika mashamba ya mkonge ya Tanga, safari ya majuma mengi, au katika migodi ya shaba ya Rodezia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi. Zamani mtu alihama kwa sababu mkubwa wake hakuamua vizuri. Sasa alihama mkubwa awe mwema au mbaya, na mkubwa hakuweza kujua tena, kwa kuzitazama nyumba tupu, kama kosa ni lake.

Hata hivyo kazi ya zamani haikuisha. Kuanzia mwaka 1930 nzige wekundu walienea katika nchi nyingi za Afrika, na mojawapo ya mahali walipozaliana ni nyika za bonde la Rukwa, chini ya uwanda wa Ufipa. Pigo hilo lilidumu mpaka mwaka 1944 hivi. Wakati wa tunutu, yaani wana wa nzige wasioruka bado, dawa iliyojulikana na wote ilikuwa mitaro: watu huchimba, huwasukuma tunutu ndani, na kuwafukia. Kuchimba mtaro ni kazi ya mji mzima, tena ya siku hiyo hiyo. Mtu akingoja barua kutoka bomani, tunutu huota mabawa. Hapo ndipo sauti ya mkubwa aliyeaminiwa ilipokuwa na thamani kuliko askari watano. Katika mwaka 1949 serikali kadha wa kadha zilianzisha shirika la kuwapinga nzige wekundu, lenye makao yake Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, si mbali na mpaka wa Ufipa.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu katika nchi yote. Basi wafalme wa Nkansi na wa Lyangalile hawakuwa tena na amri ya serikali, wala mkubwa wa Milanzi hakuwa nayo. Hata halmashauri zilizochaguliwa na watu hazikukaa salama. Mwaka 1972 zilivunjwa, na kazi zao zikapewa maofisa wa serikali. Watu waliona matokeo upesi: mifereji ya miji iliziba, na taka zikakaa. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena nchini kote. Rukwa ilikuwa imefanywa mkoa mwaka 1974, na Sumbawanga ikawa makao yake makuu. Mji ukakua. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha zaidi ya watu laki mbili katika Manispaa ya Sumbawanga, na ile ya mwaka 2022 zaidi ya laki tatu.

Mkubwa wa mji kama huu huitwa Meya. Watu wengi hudhani kwamba Meya huamuru kila kitu, na wengine hudhani kwamba hafanyi kitu. Wote wawili wamekosa. Manispaa imegawanywa katika kata, na watu wa kila kata humchagua diwani mmoja kwa miaka mitano. Madiwani hukutana, nao humchagua mmoja wao awe Meya. Naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Kuandika hundi, kuajiri na kusimamia watumishi ni kazi ya Mkurugenzi, ambaye hakuchaguliwa na watu bali ameteuliwa na serikali. Meya huongoza mkutano. Humpa diwani nafasi ya kusema na humnyamazisha anayemkatiza. Hupokea wageni, huona kama fedha ya barabara imekuwa barabara, na kama haikuwa, huuliza mbele ya watu. Madiwani wakiona ametumia kazi yake vibaya, theluthi mbili yao waweza kumwondoa. Chini yake, katika kila mtaa, yuko mwenyekiti aliyechaguliwa na wakaazi. Ni yeye anayesikiliza shauri la mbuzi na maharagwe, au siku hizi shauri la maji ya mvua yanayotoka ua huu kuingia ua ule.

Huenda mwanafunzi akauliza: je, mtu aweza kukaa katika kazi ya namna hii muda gani, ikiwa watu wana hiari ya kumkataa? Katika Tanzania muda wa Meya huisha pamoja na muda wa madiwani, na si wengi warudio mara nyingi. Lakini uko mji mmoja wa Marekani unaoweza kujibu. Mji huo ni Charleston, ulio kando ya bahari ya Atlantiki, ulioanzishwa mwaka 1670. Zamani Waafrika maelfu mengi waliteremshwa hapo, wauzwe kuwa watumwa. Mwaka 1975 watu wake, kadiri ya 70,000, walimchagua kijana wa miaka 32, Joseph Riley, kuwa Meya. Kule Meya huchaguliwa na watu wenyewe, tena ana amri juu ya watumishi wa mji. Walimchagua mara kumi. Alitoka mwezi wa Januari 2016, baada ya miaka 40.

Hakukaa kwa maneno matamu tu. Mwaka 1982 alimpa Reuben Greenberg, mtu Mweusi, ukubwa wa polisi wa mji, jambo ambalo halikuwa limetokea pale. Mwaka 1989 kimbunga kiitwacho Hugo kiliupiga mji usiku, kikang'oa paa nyingi, naye aliusimamia ujengwe tena. Ukingo wa maji uliokuwa na magofu ulifanywa bustani ya watu wote, masikini na tajiri. Mwaka 2000 alitembea kwa miguu siku tano kwenda mji mkuu wa jimbo lake, kuomba iteremshwe bendera ya wale waliopigana zamani wasiache utumwa. Na mahali pa gati moja ambapo watumwa waliteremshwa, alitaka ijengwe nyumba ya kumbukumbu ya Waafrika. Aliitafutia fedha miaka mingi, hata baada ya kutoka kazini, nayo ilifunguliwa mwaka 2023.

Lakini kipimo cha Wafipa kikitumiwa, yaani kutazama ni nani waliohama, hesabu ya Riley si safi yote. Mji ulipopendeza, nyumba zake zilipanda bei, na wasioweza kulipa walikwenda. Katika sehemu ya kale ya Charleston watu Weusi walikuwa wengi kuliko Weupe mwaka 1980. Kufika mwaka 2010 walikuwa wamekuwa wachache. Hakuna aliyewafukuza kwa fimbo. Bustani ilipatikana, lakini baadhi ya wale waliotamani kuketi humo walikuwa wamekwisha hamia mbali. Mkubwa wa mji wa zamani wa Ufipa angalielewa jambo hili bila kuelezwa sana, na labda angaliuliza zimebaki nyumba ngapi.

Sumbawanga nayo sasa ina swali hilo, kwa namna yake. Viwanja hupimwa, mashamba ya ulezi na mahindi huwa mitaa, na mtu aliyelima ntumba pembeni ya mji huamka siku moja akaona mambo ya manispaa yamemfikia. Atalipwa nini, na atapelekwa wapi? Maneno hayo huanza kwa mwenyekiti wa mtaa, hupanda kwa diwani, hufika mbele ya Meya. Kama kila mmoja njiani amesikiliza mpaka maneno yaishe, shauri hufika likiwa na hesabu ya kweli. Kama mmoja amefanya haraka, hufika likiwa na hasira tu.

Na ule mji wa Milanzi? Haukuhama. Sumbawanga ndiyo iliyokua mpaka ikaufikia, na leo Milanzi ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga. Watu wake hupanga mstari siku ya uchaguzi kama watu wa kata nyingine, humchagua diwani wao, naye huja mjini kukaa katika mkutano pamoja na wenzake. Siku ya kumchagua Meya, diwani wa Milanzi hupewa karatasi moja, sawasawa na diwani wa Mazwi au wa Katandala, naye akitaka aweza kukiomba kiti hicho yeye mwenyewe.